Nafasi Mbili za Ngurumo

Zamani mtu akitaka kupanda treni iitwayo Ngurumo alikwenda Palmetto Lagoon, akasimama kwenye foleni, akatoka jasho, akapanda. Basi. Hakuwa na haja ya kuamka alfajiri kupigana na simu. Leo ukifika kwenye bustani ile ya michezo bila kujiwekea nafasi mapema wanakutazama kama mtu aliyezamia harusi. Nimeendesha malori ya machungwa nusu ya umri wangu, nikastaafia hapa Kissimmee, na katika mambo yote ya kisasa hakuna lililonikera kuliko hilo. Lakini jirani yangu Migdalia Quiñones alinifunga mdomo, na hiyo si kazi ndogo, maana marehemu mke wangu aliijaribu maisha yake yote akashindwa.

Migdalia aliletwa kutoka mji wa Ponce, kisiwani kwao, akiwa mtoto wa shule. Tangu alipokuwa msichana anafua na kukunja mashuka katika hoteli moja kando ya barabara kuu. Ni mfupi, ana sauti inayovuka mitaa miwili, na mikono yake haijui kukaa. Nimewahi kumwona akikunja shuka kubwa la kitanda peke yake, hewani, bila kuligusisha chini, huku akinisimulia habari za jirani mwingine. Kasi hiyo ya mikono ndiyo iliyompa cheo mtaani kwetu. Mtaa mzima wa nyumba za trela, mtu akitembelewa na wageni wanaotaka kwenda bustanini, jibu lilikuwa moja: mpelekee Migdalia simu.

Saa moja kamili asubuhi bustani hufungua nafasi. Watu wa nchi nzima wanakuwa wamekaa na vidole juu ya vioo vya simu, wengine kitandani, wengine ndani ya magari, na kabla kahawa haijapoa michezo mizuri yote imekwisha. Migdalia alikaa kibarazani, miwani kwenye ncha ya pua, kikombe cha kahawa ya maziwa kando. Mimi nilikaa naye kwa kisingizio cha kahawa.

"Usipumue, mzee," aliniambia. "Unanitikisia mtandao."

Nami, nisiyeamini simu, nilibana pumzi. Kidole chake kilikwenda mara tatu, nne, halafu akaegemea nyuma na kusema tu, "Tumepata." Sikumsifu. Lakini nilishangaa kila mara, na nilirudi kila mara.

Sasa nikueleze habari za Ngurumo yenyewe. Ilikuwa treni ya mbao ya kupanda na kuporomoka, nzee, iliyopakwa chokaa, na ukiwa chini yake ulisikia nguzo zote zikilalamika. Mama yake Migdalia, tuliyemwita kwa heshima Doña Providencia, alikuwa mwanamke mkali ambaye sikumbuki kumwona akitabasamu. Aliogopa hata kupanda kiti kubadilisha balbu. Lakini kila Sikukuu ya Wafalme Watatu aliwachukua binti zake wawili, Migdalia na mdogo wake Zoraida, akawaketisha siti ya mbele kabisa, yeye akakaa nyuma yao, na treni ilipoporomoka alicheka mpaka machozi yakamtoka. Humo tu ndimo alimocheka.

Alipozeeka na kuanza kupotewa na akili, Zoraida alimchukua kwake Tampa, na kabla mwaka haujaisha akampeleka kwenye nyumba ya wazee bila kumuuliza dada yake. Mama akafia huko. Siku ya maziko Migdalia alimwambia mdogo wake mbele ya watu wote, "Umemtupa mama." Nilikuwepo. Zoraida akaingia kwenye gari lake, na tangu siku ile hawakusemeshana. Padri alijaribu, binamu walijaribu. Hata mimi nilijaribu, nikafukuzwa na mwiko.

Basi mwaka jana bustani ikatangaza kwamba Ngurumo itabomolewa, kuna mtambo mpya wa chuma unakuja. Nafasi za siku ya mwisho zingefunguliwa wiki moja kabla, asubuhi, kama kawaida. Migdalia alinyamaza siku mbili nzima, jambo lililotutia hofu wote. Kisha akaniambia, "Nataka kupanda mara moja tu, mzee. Nikae pale mbele. Nisikie pale mama alipokuwa akicheka."

Asubuhi ile alivaa blauzi nyekundu ya kanisani, kibarazani kwake mwenyewe, kwa ajili ya simu. Sikumcheka. Saa moja ilipogonga kidole kikaenda haraka kuliko nilivyowahi kukiona, na akasema, "Tumepata." Halafu rangi ikamtoka usoni.

Programu ile ya bustani, iliyo ndani ya simu, ina mambo yake. Ukishamwingiza mtu kwenye kundi lako la familia, anakaa humo mpaka umtoe, na ukienda kuweka nafasi inawatia alama wote. Usiyemtaka unamwondoa wewe mwenyewe. Migdalia alikuwa ameshawatoa binamu. Mume wake wa zamani alimtoa kwa furaha. Zoraida alibaki. Na katika ile haraka hakuondoa alama. Kioo kiliandika majina mawili, Migdalia Quiñones na Zoraida Quiñones, saa kumi na moja jioni.

"Lakini kwa nini yumo bado?" nikamuuliza.

"Nilisahau kumtoa."

Miaka yote ile! Sikumwamini hata kidogo, lakini mwiko ulikuwa karibu.

"Basi futa yake," nikasema.

"Haifutiki moja. Nikigusa zinaondoka zote mbili, na tazama." Akanionyesha. Siku nzima ilikuwa ya kijivu, imekwisha, haina hata tundu.

"Basi iache. Atajuaje?"

"Imeshampelekea ujumbe, mzee! Imemwambia nimemwekea nafasi. Mimi! Atadhani nimekwenda kumpigia magoti."

"Kwani ungepiga magoti ungevunjika?"

"Kunywa kahawa yako uende kwako."

Nikaenda kwangu. Wiki ile Zoraida hakupiga simu wala hakuandika. Kila asubuhi Migdalia alinitangazia, bila kuulizwa, kwamba hatazami kama amejibu. Alikuwa hatazami mara nyingi sana.

Siku ya mwisho mimi nilikwenda bila nafasi, kwa msimamo wangu. Nilijiunga na foleni ya kawaida mchana, jua la Florida likinipiga utosini, nikafurahi kulalamika na watu wa kulalamika nao. Kabla ya kufika langoni wote tuliacha simu kabatini, kwa sababu Ngurumo ilikuwa inakung'uta mifuko, na mkononi kila mtu alivaa bangili ya plastiki, ambayo kwa wenye nafasi ndiyo tiketi. Foleni yetu ilijikunja na kujikunja chini ya nguzo, huku wenye nafasi wakipita njia yao fupi kando yetu, wakigusisha bangili langoni na kupanda ngazi bila kututazama usoni. Niliwachukia kwa moyo wote.

Saa kumi na moja na ushei nilikuwa nimefika kwenye ngazi za juu. Kutoka pale unaliona lango lote. Nikaiona blauzi nyekundu. Migdalia alikuwa ametoka kazini mbio, amesimama nje ya lango la wenye nafasi, ameligeuzia mgongo. Haingii. Anatazama njia ya kuingilia bustanini, kila kichwa kinachokuja anakinyooshea shingo. Muda wa nafasi yao ulikuwa mpaka saa kumi na mbili, na baada ya hapo bangili isingefungua kitu. Nilijua anamngoja nani. Roho iliniuma, nikatamani kumpigia kelele, lakini treni ilikuwa ikishuka, na hata yeye mwenye sauti yake asingesikika.

Nikaingia kwenye jukwaa la kupandia treni. Mwanamke mwenye kofia ya njano alikuwa akipanga watu kwenye safu, akiuliza kila kundi, "Wangapi?" Karibu na ukuta, kwenye safu ya mbele, alisimama mtu mmoja peke yake.

"Wangapi?"

"Wawili."

"Mama, bado uko peke yako."

"Wawili," akarudia. "Wapitishe hawa. Nitangoja inayofuata."

Nywele zilikuwa zimeota mvi, lakini kidevu kile nilikijua. Cha Doña Providencia kabisa.

"Zoraida!"

Akageuka. "Mzee Garland? Bado u hai?"

"Ili niwakere watu. Umefika saa ngapi hapa?"

"Walipofungua tu. Nilifikiri atakuwa wa kwanza, si unamjua." Alijaribu kucheka. "Kila treni najiambia, labda inayofuata. Nimekuwa mjinga, sivyo? Alikosea tu kubonyeza."

Ukweli ni kwamba alikosea kubonyeza. Sikuusema. Nikamshika mkono nikamvuta mpaka kwenye reli ya ngazi, nikamwonyesha kule chini. Alipoiona ile nyekundu akajiziba mdomo.

"Mbona haingii?"

"Anakungoja wewe."

"Lakini mimi nimo ndani! Nikishuka sirudi, mzee, bangili inasoma mara moja tu."

Nikamwomba mwenye kofia ya njano apige simu langoni. Akasema hawezi kuacha treni hata dakika moja, na hakuwa na ubaya, watu walikuwa wakipanda na kushuka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na mbili. Zoraida alitazama ngazi, akatazama treni, akatazama ngazi tena, na nikaona anataka kushuka, aache yote.

Sijui nilipata wapi lile wazo. Nikamgeukia mwanamume mnene nyuma yangu, aliyebeba mtoto mabegani. "Bwana, chini pale langoni kuna mwanamke wa blauzi nyekundu. Anaitwa Migdalia. Mwambie aliye nyuma yako amwambie aliye nyuma yake: dada yake yuko juu, anamngoja."

Alinitazama, akamtazama Zoraida. Akageuka akasema. Mke wake akageuka akasema. Neno likashuka ngazi. Nikalisikia likikata kona ya kwanza, likapita kwa wazee wawili waliovaa kofia za majani, likaingia katika kundi la Wabrazili wenye fulana za aina moja, likatafsiriwa humo ndani na kutoka upande wa pili likiwa zima. Wale watu walikuwa wamesimama tangu mchana, wamechoka, wameoneana kinyongo kwa kusogea nusu hatua, na sasa kila mmoja alikuwa akiinama kwa mwenzake kwa haraka asije akawa yeye aliyeliacha lianguke. "Migdalia. Blauzi nyekundu. Dada yake yuko juu." Mnyororo wa watu wasiojuana, mkunjo baada ya mkunjo, na jina la jirani yangu likitembea ndani yake midomoni mwa watu wa kila nchi. Nimezeeka, nimeona vimbunga viking'oa paa, lakini sijaona kitu kikubwa kama kile.

Likafika. Mtu wa mwisho kabisa, sijui alikuwa nani, alinyoosha mkono juu ya reli akamgusa Migdalia bega. Akageuka. Akainua uso. Zoraida alikuwa akipunga mikono yote miwili akilia kwa sauti.

Migdalia alikimbia. Akaibandika bangili langoni, taa ikawaka kijani, na foleni nzima ikapiga kelele kana kwamba timu yao imefunga bao. Kisha habari ikaanza kupanda kurudi kwetu, kona kwa kona, ingawa tulikuwa tumeshaona kwa macho yetu: "Anakuja! Anakuja!" Hata mwanamke wa kofia ya njano alikuwa anafuta macho kwa kiwiko.

Migdalia alitokea juu akihema. Wakasimama wakitazamana.

"Umenenepa," alisema Zoraida.

"Na wewe umezeeka, mvi mpaka nyusi," alisema Migdalia.

"Wangapi?" aliuliza mwenye kofia, kwa upole sana.

Wakajibu kwa pamoja. Wakakaa mbele, mimi nikawekwa nyuma yao, kwenye siti ya mama yao. Chuma cha kuzuia miguu kikashuka juu ya mapaja yao wote wawili. Treni ikaanza kuvutwa mlimani polepole, bustani yote ikifunguka chini yetu, maziwa, barabara, na mbali kule mashamba ya machungwa niliyoyajua kabla hayajageuzwa nyumba. Migdalia alikuwa akitazama mbele tu.

"Sikukualika," alisema hatimaye. "Lazima nikwambie. Nilitaka kukufuta, ikawa nikikufuta na yangu inapotea."

"Nilijua," alisema Zoraida. "Nakujua, usingenialika. Lakini ule ujumbe ulikuja na kitufe cha kukataa, Migda. Wiki nzima kilikuwa pale kila nilipofungua simu, na sikukigusa."

Tulikuwa tumefika kileleni. Migdalia aliutafuta mkono wa mdogo wake juu ya chuma, akaushika, na Ngurumo ikatuachia tuporomoke.