Waya na Kamera ya Mtoto

Mdogo wake mume wangu mtaa mzima unamwita Waya. Kazi yake ni kufunga kamera, madukani na majumbani, na bisibisi haimtoki mfukoni hata akija kula. Ndiye aliyetufungia kamera juu ya kitanda cha mwanangu, maana baba yake ni dereva wa malori. Akiegesha mahali, anafungua simu, anaigeuza kamera atakavyo na kumtazama mtoto.

Juzi mchana nilikuwa nakunja nepi, kamera ikageuka. Nikasogea mlangoni, ikanifuata. Nikampigia mume wangu aache utani.

"Utani gani? Niko chini ya lori, nabadilisha tairi!"

Nikaifunika kamera kwa taulo, nikambeba mtoto, nikamwita Waya.

Alikuja mbio, akachuchumaa mbele ya ruta, kile kisanduku cha intaneti.

"Shemeji, hiki kina anwani moja, lakini kina namba maelfu, kama milango. Tunaziita poti. Kila kazi, kama hii ya kamera, inamsubiri mgeni wake kwenye namba yake. Kwa kawaida mtu wa nje akibisha hajibiwi. Mimi nilifungua namba moja, kaka aweze kuifikia kamera akiwa huko njiani."

"Basi si apite yeye tu?"

"Namba haijui nani kaka, nani mwizi. Kazi hiyo ni ya paswedi."

"Na paswedi si ipo?"

Akajikuna kisogo. "Ipo. Ni ile ya kiwandani, wanaijua walimwengu wote. Kamera hizi za bei poa hazikubali nyingine."

Akaihamisha kamera kwenye namba nyingine, ndefu, ya huko mwisho kabisa. "Hapa nani atafika? Atahesabu mpaka aote mvi!" Tukacheka. Nikaitoa taulo.

Kesho yake, mtoto ananyonya, kamera ikatuinamia.

Waya aliporudi hakucheka. Mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Namba si imehama? Huyo mtu kaipataje?

"Hahesabu mtu, shemeji. Ni kompyuta. Zinabisha kila namba, usiku na mchana, na hazichoki. Palipojibu, zinaingia. Nilihamisha, sikufunga."

"Kwa hiyo nani alikuwa anatuangalia?"

"Sijui."

"Alitaka nini?"

"Sijui, shemeji. Wallahi sijui."

Nikatazama kifua changu, nikavuta shati.

"Funga," nikasema.

"Nikifunga, kaka hamuoni tena mtoto. Mpaka nipate kamera ya maana. Mwambie wewe, mimi atanila mzima."

"Funga kwanza."

Akabonyeza-bonyeza simu yake, kisha akaitoa simu kwenye intaneti ya nyumbani, akawasha data yake, akajaribu kuingia kama mtu wa nje. Ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma.

Haikupita muda mume wangu akapiga. "Mbona sioni kitu? Mwanangu yuko wapi?"

Nikamweleza vile nilivyoelewa, yaani nusu: namba, kompyuta zinazobisha, mtu tusiyemjua.

"Sasa mimi nitamwonaje?"

Nikakaa karibu na kitanda cha mtoto, simu sikioni.

"Kalala," nikamwambia. "Kalalia ubavu. Soksi moja kaivua kwa meno."

"Ya mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Haya. Endelea."