Jozi Tatu za Buti Hadi Nyuma ya Ngong

Mwaka wa nzige mimi nilikuwa bado natembea na shati bila suruali. Walishuka Kibra mchana kweupe, wakala mahindi, wakala majani ya mihogo, wakala nyasi za mapaa. Mama yangu aliapa mpaka kufa kwake kwamba walikula na kanga iliyokuwa imeanikwa, ingawa mimi naona kanga ile ilichukuliwa na jirani, nzige wakasingiziwa. Watu wote walitoka kupiga madebe ili wawafukuze. Mwenye fimbo alipiga kwa fimbo, mwenye mwiko kwa mwiko. Mtu mmoja tu alipiga debe kwa buti. Aliivua mguuni, akaishika kisigino, akawa anapiga kwa mpango kama gwaride, na kila akipumzika aliifuta vumbi kwa mkono wa shati. Nzige hawakumjali hata kidogo. Lakini mimi nilisahau nzige nikabaki namtazama yeye.

Huyo alikuwa Shawish Faraj. Shawish ni cheo, ni sajenti kwa maneno ya wazee wetu waliotoka Sudani na bunduki za Mwingereza. Alikuwa amestaafu, na nyumbani kwake hapakuwa na kitanda cha maana, lakini buti zilikuwapo, zimepakwa mafuta ya kondoo, zimesimama ukutani kama zinangoja amri. Ungemuuliza habari za mvua angekujibu kwa buti. Ungemuuliza kwa nini mkewe wa kwanza alimkimbia, angekuambia mwanamke yule alikuwa anavaa ndara.

Basi miaka ikapita, ndevu zikaniota, na habari ikaja kwamba Halima, binti ya shangazi yangu Zenabu, amejifungua. Halima aliolewa nyuma ya milima ya Ngong, mumewe akichunga ng'ombe wa tajiri mmoja Msomali. Kwetu bibi asipokuwapo siku ya kumpa mtoto jina, mtoto anakua na kinyongo, na mama yake zaidi. Reli haifiki huko. Shangazi akasema atakwenda kwa miguu.

Sasa hapa ndipo Shawish alipoingia, na ni lazima niwaeleze desturi ya mtaa wetu, maana bila hiyo mtaona watu wazima wamepata wazimu. Mwanamume akimtaka mjane hatumi washenga. Anampelekea viatu. Mjane akivivaa kwenda safari, maana yake anakupima. Akirudi, anakupa jibu mlangoni kwake, ndiyo au hapana, mbele ya watu. Tena ni aibu kubwa kumuuliza mjane urefu wa mguu wake. Kila mchumba atafute akili yake mwenyewe. Shangazi alikuwa mjane wa siku nyingi, Shawish alikuwa anamtaka, na nasema ukweli, shangazi hakuwa anamkataa. Alikuwa anacheka tu akimwona anapita, na kwa mwanamke wa umri ule kicheko ni hatua.

Shawish akaleta buti. Si jozi moja. Tatu.

"Bi Zenabu," akasema, amesimama wima mlangoni, "mwanamke akienda safari na kiatu kimoja ni kama jeshi limekwenda na risasi moja. Hizi ndefu zilikuwa za memsaab aliyerudi Ulaya, ni za matope. Hizi raba nyepesi ni za kupanda na kushuka. Hizi za misumari ni za mlima. Huko mbele tambarare, utarudia zile ndefu."

"Na wewe Shawish umewahi kupita njia hiyo?" shangazi akamuuliza.

"Nimepita Sudani, nimepita Juba, nimepita mchanga ambao ngamia mwenyewe analia."

"Mimi siendi Juba. Nakwenda kwa Halima."

Lakini alizipokea. Ikaamuliwa Shawish aje azibebe na kutoa amri za kubadilisha, na mimi, Rajabu, mtoto wa kaka yake, niende ili watu wasiseme maneno.

Alfajiri, Kibra. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnaujua udongo mweusi wa upande wetu. Ule si udongo, ni gundi. Shangazi akavaa buti za memsaab, ndefu mpaka karibu na goti, zenye kulabu za kufungia kamba na kisigino chembamba kama kikombe cha kahawa. Zilikuwa kubwa, ikabidi tuzijaze matambara. Tulipoteremka karibu na uwanja wa shabaha wa askari, kisigino kikazama. Shangazi akavuta. Mguu ukatoka, buti ikabaki. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, ameshika bega langu, na Shawish amepiga magoti anachimba buti kwa mikono miwili.

"Hazina kosa," akasema kutoka chini. "Umevuta vibaya. Buti inavutwa kwa kisigino kwanza."

"Kisigino ndicho kiko ndani, Shawish!"

Wakati huo jua lilikuwa limekwisha kutoka na wauza maziwa walitupita, peku, wamebeba vibuyu, wakasalimia vizuri sana. Vizuri kuliko kawaida.

Kawangware, asubuhi. Huku matope yanageuka, yanakuwa mekundu, na safari inakuwa migongo na mabonde, unapanda shamba la viazi, unateremka mtoni, unapanda tena. Tulipita kumchukua Wanjiru, rafiki wa shangazi, Mkristo mwenye shamba lake na watoto wakubwa, ambaye kila msimu alikwenda upande wa Umasaini kubadilisha tumbaku na maharagwe kwa ngozi. Alikuwa mwanamke mpana, peku, na mdomo wake haukuwa na mlango. Akamtazama Shawish aliyevaa jozi moja ya kwake na kuning'iniza mbili shingoni.

"Mama Halima, huyu ni mume au ni duka?"

"Bado hajawa chochote," shangazi akajibu.

Shawish akajifanya hasikii. Akatoa amri: raba! Shangazi akavaa raba. Soli yake ilikuwa laini kama kipande cha sabuni, na udongo wa Kawangware ukilowa nao ni sabuni. Mkitaka kujua yatokanayo na sabuni juu ya sabuni, shangazi yangu alishuka bonde lile lote akiwa amekaa. Alipita juu ya viazi vya watu, akapita mbuzi aliyefungwa, akafika mtoni kabla yetu. Wanjiru alicheka mpaka akashika mti. Mwenye shamba akatoka, akatazama mstari ulionyooka katikati ya matuta yake, akatutazama sisi, akarudi ndani akafunga mlango.

"Misumari ingemshika hapa," nikasema.

"Misumari ni ya mlima," Shawish akasema. "Kila kitu na mahali pake. Wewe Rajabu hukufundishwa."

Ni kweli sikufundishwa. Shule niliacha kabla ya kujua herufi zote, lakini kuteleza nakujua.

Ngong, siku ya pili. Tulilala njiani kwa dada yake Wanjiru, tukala vizuri, sitasimulia chakula maana nitawachosha na mimi nitaona njaa. Mchana tulikuwa mgongoni mwa mlima, juu kabisa, upepo unapuliza mpaka unaingia masikioni na kutokea upande wa pili. Mawe yametokeza kila mahali, makavu, laini. Raba zingekaa sawasawa hapo, hata mtoto angeona. Lakini mlima ni mlima, na amri ni amri. Shangazi akavalishwa misumari. Chuma juu ya jiwe! Akawa anateleza na kutoa cheche, na kelele zake zikakimbiza ng'ombe wa Wamasai mpaka bondeni. Miguu ikacheza ndani ya buti kama maharagwe ndani ya kibuyu. Alipokaa na kuzivua, visigino vilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka.

Hapo hakupiga kelele tena. Na shangazi akinyamaza ni vibaya.

"Shawish," akasema taratibu, "mguu wangu uliupimia wapi?"

Shawish akakohoa. "Mlangoni kwako. Asubuhi baada ya mvua. Kulikuwa na alama ya mguu kwenye matope, nikakata kijiti. Sikugusa kitu, sikuuliza mtu. Kwa heshima kabisa."

"Mguu peku?"

"Peku."

"Mimi asubuhi sitoki peku. Nimeumwa kifua tangu zamani." Kisha akageuka polepole kumtazama Wanjiru. "Nani alikuja kwangu asubuhi ile na viazi vitamu?"

Wanjiru alikuwa ameanza kucheka kabla swali halijaisha. Akaichukua buti ya misumari, akaingiza mguu wake bila tambara hata moja, akafunga kamba, akasimama. Ilimkaa kama imezaliwa naye.

"Ngai wangu!" akapiga kelele. "Shawish, umenichumbia mimi! Na mume wangu yuko nyumbani analima!"

Akatembea nayo hatua kama za gwaride, akateleza, akaanguka, akacheka akiwa palepale chini. Mimi nilicheka. Shangazi naye akacheka huku machozi ya maumivu yanamtoka. Shawish peke yake hakucheka. Alikuwa anakiangalia kijiti chake, ambacho alikuwa nacho mfukoni bado, kana kwamba kijiti ndicho kimemsaliti.

Nyuma ya mlima, jioni. Huko ni joto, nyasi kavu na miba mirefu kama sindano za magunia. Hapo ndipo buti ndefu za memsaab zingekuwa dawa, lakini mguu wenye malengelenge hauingizwi kwenye kitu kama kile. Wanjiru akatoa makubazi yake ya ngozi kutoka kwenye kiondo. Jozi moja. Wakagawana, kila mmoja kiatu kimoja, wakawa wanachechemea bega kwa bega, na mguu uliobaki peku ukichomwa, mmoja alitukana Kinubi, lugha yetu, na mwingine Kikikuyu. Hivyo ndivyo bibi alivyofika kwa mjukuu wake. Alifika. Mtoto akapewa jina, Halima akalia, mimi nikala nyama.

Kurudi hakukuwa na masimulizi. Mkwe alimtengenezea shangazi makubazi ya ngozi kwa mguu wake mwenyewe uliowekwa juu ya ngozi na kuchorwa kwa mkaa. Tulikuja polepole, na kwenye udongo wa gundi akayavua akatembea peku kama wauza maziwa. Kina mama mnaonisikiliza, nilichojifunza ni hiki: matope meusi hayataki kiatu, matope mekundu yanataka misumari, jiwe linataka raba, miba inataka ngozi ndefu. Shawish alikuwa na viatu vyote vitatu mzigoni, na mpaka tulipofika kwenye miba hakukosa hata mara moja kuchagua kisichofaa.

Kibra, mlangoni kwa shangazi. Amekaa, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Majirani wamejaa, maana wote walijua ni siku ya jibu. Shawish amesimama wima, buti zimesafishwa tayari, zinang'aa.

"Shawish Faraj," shangazi akasema, "mimi viatu sijali. Marehemu aliniletea viatu vya kubana, nikaishi naye mpaka akafa. Umenibebea mzigo, hukunikimbia njiani. Nakutaka. Sema neno moja tu hapa mbele ya watu. Sema, Zenabu, nimekosea mguu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Sema, Shawish, si neno zito." Mimi nilijua jibu la shangazi limekwisha kutoka, limebaki la Shawish.

Shawish akazitazama buti. "Mvua ile ilikuwa kubwa sana," akasema.

"Sikuuliza mvua."

"Buti zilikuwa sawa. Njia ndiyo..."

"Faraj," akamwita bila cheo, kwa sauti ambayo sijamsikia akiitoa tena. "Nimekosea mguu. Maneno mawili."

Shawish akamtazama sana. Kisha akainama, akakaza kamba zake, akazitundika jozi mbili shingoni na ya tatu akaishika mkononi. Akageuka kwa kisigino, sawasawa kabisa kama alivyofundishwa, akapita katikati ya watu akielekea upande wa reli. Shangazi aliacha miguu ndani ya karai mpaka maji yakapoa. Shawish hakurudi.