Sabuni Inayotangazwa na Marehemu

Jumamosi, katika duka moja la Makadara, nilimkuta mama mmoja akinunua miche sita ya sabuni ambayo mtaa mzima umeisusia. Msichana anayeitangaza katika televisheni ya ukumbi wa mtaa wetu alizikwa mwezi uliopita, lakini bado kila jioni hutabasamu, hunusa shuka, kisha husema, "Njoo unuse."

"Mama, wewe huogopi?" aliuliza mwenye duka, akiisukuma miche kwa rula.

"Nimwogope mwanangu? Msiponunua, kampuni itamwondoa. Nitamwona wapi tena?"

Akaifunga katika leso, akaondoka.

Wataalamu hutufundisha kwamba sura nzuri huuza sabuni. Mtaani kwetu, sabuni ndiyo inayoiweka sura hai. Nami nilinunua mche mmoja. Sijathubutu kuunusa.