Panga Juu ya Meza ya Kikundi

Marafiki, nahitaji mawazo yenu.

Leo saa kumi jioni tulikuwa kanisani hapa Magamba, kwenye kikundi chetu cha watu wanaoacha pombe na familia zao.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia ndugu mmoja mwenye wiki tatu bila gongo, ameshika panga.

Mkewe alikuwa kati yetu. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Nikasema, "Baba, weka hilo chini." Sauti ilitoka kama ya mtoto. (Na mimi nimefundisha darasani miaka mingi!)

Akanishangaa. "Mwalimu, si wewe uliyetuambia tulete?"

Hapo nikakumbuka. Wiki iliyopita niliwaeleza kwamba kila mmoja alete kitu anachokiogopa nyumbani, akikabidhi mbele ya wenzake. Kichwani mwangu zilikuwa chupa na vikombe, na wengine ndivyo walivyoleta.

Akaliweka mezani polepole.

"Asubuhi nimelishika, nikamwangalia mama watoto. Nikajiogopa. Nitunzie, Mwalimu."

Mkewe akalia, lakini hakumsogelea.

Wote wawili wameniruhusu niandike, bila majina.

Sasa panga liko chini ya kitanda changu. Mkewe na watoto wao watakaa kwetu kwanza.

Tatizo ni kwamba huu ni wakati wa kufyeka shamba. Kesho asubuhi atakuja kulichukua, na jioni alirudishe. Nyie mngempa?

Mimi nimekubali. Asubuhi hainitishi sana. Naogopa hiyo jioni, nikiwa nimekaa na mkewe, tunasikiliza kama atabisha hodi kulirudisha.