Filamu ya Wifi Yangu Kalolaine

Wifi yangu Kalolaine anashona nguo za kanisani hapa kisiwani kwetu, Nuku'alofa, na ulimi wake unachoma kuliko sindano zake. Kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza filamu fupi kwa simu, waigizaji wake majirani. Zimeonyeshwa Suva, zimeonyeshwa Auckland, mwenyewe yuko hapa anapinda mapindo. Tamasha la filamu la visiwa lilipokuja kwetu, na siku nzima ikatengwa kuwaenzi watengenezaji wa filamu fupi wa hapa nyumbani, usingizi ulimpaa.

"Wifi, sitaki kikombe wala cheti," aliniambia. "Nataka kuziona nyuso za watu wakiitazama filamu yangu. Basi."

Kikwazo kilikuwa mume wangu, Siosiua, mdogo wake. Kwetu kaka na dada hawakai chumba kimoja kutazama filamu, maana huwezi kujua watu wa ndani yake watafanya nini. Na hii ya Kalolaine tulijua vizuri watafanya nini: mume anarudi kutoka kuchuma matunda Australia, mkewe hamtaki tena, mwishowe anamnyoa ndevu na wanabusiana. Kaka akilitazama busu hilo dada yake akiwapo, amemvunjia heshima mbele za watu. Kwa hiyo tulijipanga. Siosiua angeshinda akinywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, na wanaume wenzake, mimi ningekaa mlangoni kupokea wageni, na maisha yangeendelea.

Mchana wa siku yenyewe fundi wa mitambo akashikwa na tumbo. Mama Lesieli, mwandalizi wa tamasha, akapiga simu huku na huku, na fundi umeme aliyepatikana alikuwa nani? Mume wangu mwenyewe. Alinipita mlangoni mbiombio, mkeka tunaojifunga kwa heshima kiunoni, bisibisi mkononi, akidhani ni kazi ya dakika mbili, kabla sijafungua mdomo. Madirisha yalikuwa yamezibwa, ukumbi giza, asione nani amekaa wapi. Mashine ya kuonyeshea filamu ilikuwa kuukuu: waya wake usiposhikiliwa, picha inakatika. Wakaiweka mbele kabisa, karibu na kitambaa cheupe, naye akakaa kando yake akiushika.

Filamu mbili za watu wengine zikapita. Nilimwona Kalolaine katikati ya ukumbi, shingo imekakamaa. Alikuwa ameshamwona mdogo wake. Nikamnong'oneza Mama Lesieli aisogeze ya wifi yangu hadi mwisho.

"Mgeni rasmi anaondoka sasa hivi, mwanangu. Unataka aondoke bila kuiona?" Akashika kipaza sauti. "Haya, ya Kalolaine wetu! Simama tukuone, mama!"

Kalolaine akasimama, makofi yakalipuka. Siosiua akageuka, akamwona dada yake, akauachia waya kana kwamba umemuunguza. Kitambaa kikawa giza. Akaja moja kwa moja mlangoni.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Dada yumo. Siwezi."

"Na waya nani atashika?"

"Shika wewe."

"Mimi na umeme? Unataka kuoa mwingine?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka. Kijana mmoja akajaribu kuushika waya, ukatoa cheche, akaruka nyuma. Minong'ono ikaenea. Mama Lesieli akasema basi, tuiruke hiyo, tuendelee na nyingine.

"Msiiruke," Kalolaine akasema. "Natoka mimi."

Alikuja taratibu kati ya viti, Siosiua akampisha, macho yake sakafuni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Aliponifikia aliniambia, "Mwambie mumeo aushike vizuri," akaenda kukaa nje kando ya tangi la maji.

Siosiua akarudi kwenye waya. Filamu ikaanza, naye akaipa mgongo. Mwanzo hadi mwisho hakugeuza kichwa hata mara moja.

Mimi nilisimama mguu ndani, mguu nje. Kwanza watu walicheka. Kisha wakanyamaza, kimya kirefu mno.

"Wamechukia?" Kalolaine akauliza kutoka kwenye tangi. "Wifi, nyuso zao zikoje?"

"Naona visogo tu, wifi yangu."

Akajifunika uso kwa mikono. Roho iliniuma.

Mwishoni watu walisimama wakapiga makofi, wakamwita ndani, wakamvika shada la maua. Alishukuru vizuri. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika msibani wenzake wameshazika.

Jioni alikuja kula kwetu. Nilimpakulia yeye kwanza, nyama iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi. Siosiua hakuingia. Aliketi kwenye kizingiti, ametugeuzia mgongo, akakohoa.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya kufika hadi barabarani, "mwambie wifi yako kwamba mke wa mchungaji alijifunika uso kwa kipepeo cha kujipepea, akawa anachungulia kando yake."

Kijiko cha Kalolaine kikasimama hewani.

"Mwambie aliyetazama saa ni dereva wa mgeni rasmi, mgeni mwenyewe hakuitazama yake. Mwambie mzee Paula, aliyekaa Australia miaka yote ile, alivua kofia akaiweka magotini, halafu akalia bila kujipangusa. Kina mama wa nyuma waliacha kutafuna. Mwambie kimya kile hakikuwa chuki. Niliwaona wote. Sikuwa na kwingine kwa kutazama."

Nilimgeukia wifi yangu. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye sahani, naye hana habari.

"Mwambie mumeo," alisema, "aanze tena. Polepole. Na asimruke mtu."