Kibao Nilichomvika Paulina

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila ninapopiga magoti kutubu. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya. Babati imefanywa makao makuu, ofisi zinafunguliwa, na kila mzazi alitaka mtoto wake ajue Kiingereza ili naye apate kiti humo. Mimi nilikuwa kijana, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya kutwa hapa mjini. Jumapili niliimba kwaya. Nilijiona nimefika.

Vitenzi nilivifundisha kama nilivyofundishwa. Kila kitenzi na sura zake tatu ubaoni, darasa zima likiitikia: go, went, gone, see, saw, seen. Waliitikia vizuri, nikadhani wameelewa. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa naimba tu.

Darasani alikuwemo Paulina, binti wa mkulima wa Mutuka, aliyekuja kwa miguu kila asubuhi. Siku hiyo alinyoosha mkono, akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akamalizia kwa Kiswahili.

"Mwalimu, hii ya tatu inatumika lini? Mbona ya pili nayo ni ya jambo lililopita?"

Sikujua. Ningesema sijui, yangeisha pale pale. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama, nikachukua kibao. Shuleni kwetu aliyesema Kiswahili alivishwa shingoni kibao cha mbao kilichoandikwa "Mimi ni mjinga". Nikamvika Paulina.

"Mkufu umekupendeza, Paulina!" mvulana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Utaolewa nao!"

Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikamwambia aende nacho nyumbani, akirudishe kesho. Akapita nacho mbele ya maduka yote, mpaka Mutuka.

Kesho yake aliyekirudisha ni baba yake, mzee mpole, viatu vimejaa udongo wa shambani.

"Shikamoo, Baba Paulina."

"Marahaba, mwalimu." Akakiweka kibao mezani polepole. "Mimi nikimpa mtu jembe, akaniuliza linashikwaje, simfungi jembe shingoni. Namwonyesha. Binti yangu aliuliza nini kibaya?"

"Alivunja sheria ya shule, mzee."

"Haya. Na jibu la swali lake unalo?"

"Ninalo," nikasema. Mwanangu, huo ulikuwa uongo, tena mbele ya mtu wa umri wa baba yangu.

"Basi mpe akija," akasema, akaondoka.

Hakuja. Nilingoja wiki nzima, kisha nikaacha kungoja. Kwenda Mutuka kumfuata mwanafunzi niliona ni kujishusha.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mgeni. Wakati wa chai ya saa nne nilimuuliza swali lile, nikijifanya nampima. Akanieleza kwamba sura ya tatu haisimami peke yake kama kitenzi cha sentensi. Hutanguliwa na kitenzi kisaidizi, na ikitanguliwa na "have" mara nyingi huonyesha kwamba jambo lililokwisha kutendeka bado linagusa sasa. Basi. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Jumamosi nikaenda Mutuka. Nilimkuta Baba Paulina akipukuchua mahindi. Nikamweleza yote, hata uongo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haijaacha mahindi.

"Paulina ameolewa, yuko Mbulu," akasema. "Shule alikataa kurudi, nikambembeleza nikachoka. Sasa hilo jibu, mwalimu, nimpe nani?"

Kisha akaagiza niletewe uji. Nilikunywa, maana kukataa kungekuwa kosa lingine.

Kibao nilikitia motoni siku hiyo hiyo. Namshukuru Mungu aliyenipa miaka mingi ya kufundisha kwa namna nyingine, na wengi walielewa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Paulina.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukiwekwa juu ya wenzako, na aliye chini yako akakuuliza usilolijua, sema hujui, ukalitafute, umrudie upesi. Usimwadhibu mtu kwa sababu ameona pengo lako. Na ukiwa wewe ndiye unayejifunza, usikubali kuitikia tu. Uliza, hata kwa lugha ya nyumbani, hata wakicheka.

Mungu akupe kinywa kisichoona haya kukiri, na miguu itakayomfikia uliyemkosea akiwa bado yupo. Amina.