Kanga Iliyokaukia Mwilini

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchonga vinu na vigoda. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huko Kisanga, mwenyekiti wa kijiji alimwagiza achonge sanamu ya mwanamke mkulima, ipelekwe Kilosa kwenye sherehe za Sabasaba. Mwili aliuweza. Nguo ndiyo iliyomshinda. Kila akichonga mikunjo ya kanga, inatoka kama matuta ya mihogo.

Basi akaichukua kanga nzuri ya mama, moja tu aliyobaki nayo, akaichovya kwenye tope laini la mfinyanzi, akamvika ingali inachuruzika. Mama alitakiwa asimame uani mpaka ikauke mwilini na mikunjo igande, baba akiitazama na kuchonga. Wakati huo mama alikuwa ametoka kuugua homa.

Siku ya kwanza alisimama asubuhi nzima. Ya pili akaanza kutetemeka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikamwambia baba, "Mama anasikia baridi."

"Mwambie atulie," alisema bila kuacha patasi. "Akitikisika, mikunjo inapasuka."

Siku ya tatu alianguka kifudifudi. Baba alimgeuza, akaikagua kanga kwanza. Ilikuwa imechanika katikati.

"Si kitu, nimeshapata nilichotaka," alisema, akarudi kwenye gogo lake. Mimi na shangazi tukambeba mama ndani. Alikohoa masika yote.

Sanamu ilipokamilika, mwenyekiti aliizunguka mara mbili. "Kazi nzuri, fundi. Lakini nguo imelowa mno, mapaja yote yanaonekana. Wageni watasemaje?" Akaagiza kanga mpya kutoka duka la kijiji, ambako akina mama walikuwa wakingoja zamu kwa miezi, akaifunga sanamu kiunoni.

Siku ya kuipakia kwenye lori, mama alikuja amejifunga gunia la sukari lililofumuliwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Sherehe ikiisha, naomba nipewe hiyo kanga."

Baba akadakia, "Unataka kuivua sanamu ibaki uchi?"

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka. Mama akacheka pia, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama.

Miaka mitatu baadaye mwalimu alinituma kupeleka barua kwenye ofisi moja Kilosa. Niliikuta sanamu kwenye kona, kanga imeshachukuliwa, makarani wameitundikia makoti ya mvua mabegani. Niliyasogeza, nikaipapasa mikunjo. Ilikuwa ile ile, mpaka pale ubavuni ambapo mama alikuwa akibana pumzi. Niliona fahari. Kikohozi chake hakikunijia akilini. Niliwaza tu kwamba baba yangu anaijua kazi.

Karani aliniuliza kama namfahamu mwanamke wa sanamu ile.

"Hapana," nilisema, nikampa barua.